Kihisi cha maji kikitoa namba za ajabu, anzia kwenye milivolti

Kihisi cha bei nafuu hakijui pH ni nini. Hakijui nitrati wala klorini. Kinachokijua ni volti ndogo sana au mkondo mdogo sana wa umeme, basi. Namba inayotokea kwenye skrini ni tafsiri ya programu, na kabla ya kufika hapo imepita kwenye waya, kiunganishi, ampilifaya, kigeuzi cha dijitali, fomula yenye jotoridi ndani yake, na ugezi (wengi huuita kalibresheni) uliofanywa siku fulani na mtu aliyekuwa na haraka. Ndiyo maana mtu akinilalamikia kwamba pH yake inasoma 9.3 ilhali maji ni yale yale ya juzi, namuuliza kwanza: milivolti ni ngapi?

Kama programu yako haionyeshi hiyo namba ghafi, iongezee sasa hivi. Irekodi pamoja na jotoridi na muda, kando ya namba iliyopikwa. Bila hiyo, mengi ya hapa chini utayafanya kwa kubahatisha.

pH inasoma 7 popote unapoitia

Unaitia probu (kijiti cha kihisi kinachotiwa majini) kwenye bafa ya 4, yaani mmumunyo wa pH inayojulikana, inasema 7. Unaitia kwenye bafa ya 10, inasema 7. Watu wengi hufurahi mwanzoni kwa sababu 7 inafanana na maji mazuri.

Elektrodi ya kioo iliyo nzima hutoa takriban milivolti 0 kwenye pH 7. Kila pH moja inayopanda au kushuka hubadilisha volti hiyo kwa karibu milivolti 59.2 kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa hiyo 7 isiyotikisika maana yake ni moja tu: ampilifaya inaona sifuri. Ama kioo kimepasuka, ama nyaya zimegusana, ama ishara inavuja njiani kabla haijafika.

Kipimo cha kwanza hakihitaji bafa. Chomoa probu, chukua kipande cha waya, unganisha pini ya katikati ya tundu la BNC (kile kiunganishi cha duara cha waya wa probu) na ganda lake la nje. Umeilazimisha bodi ya saketi ione sifuri, kwa hiyo inapaswa kusoma 7 au karibu sana. Ikisoma 8.1 na kubaki hapo, kosa liko kwenye bodi au programu. Probu haina hatia. Ikisoma 7, toa waya na urudishe probu. Ikiwa 7 ile ile bado imeganda kwenye bafa zote, sasa itazame probu yenyewe: iinue kwenye mwanga, tafuta ufa kwenye kitunguu cha kioo, ile tufe ndogo ya nchani, hasa pale kinapoungana na shingo. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuimaliza.

Kioo kikiwa kizima, shuku unyevu kwenye kiunganishi. Hapa watu wengi hupoteza siku nzima. Ukinzani wa kioo cha pH ni mkubwa mno, mara nyingi megaohmu mia kadhaa. Tuseme ni megaohmu 200. Ukungu kidogo au alama ya kidole chenye jasho ndani ya BNC ukifungua njia ya kuvuja ya megaohmu 200 nyingine, nusu ya ishara imepotea. Bafa ya 4 itasoma 5.5, ya 10 itasoma 8.5, na wewe utadhani probu imezeeka. Safisha kiunganishi kwa alkoholi ya isopropili, kikauke kabisa, halafu pima tena kabla ya kuagiza probu mpya.

Kuna mtego mwingine ambao nami niliuingia miaka ya mwanzo. Usichukue multimita ya kawaida ukaipima probu ya pH moja kwa moja. Multimita nyingi zina ukinzani wa ingizo wa megaohmu 10. Ukiiweka kwenye probu ya megaohmu 200, utaona kama asilimia 5 tu ya volti halisi: milivolti 177 zitaonekana kama 8. Nilitupa probu mbili nzima kwa ushahidi huo.

Mteremko umelala

Mteremko ni milivolti zinazobadilika kwa kila pH moja. Hapa probu inaitikia, ila kwa uvivu. Fanya hesabu: soma milivolti kwenye bafa ya 7.00 na ya 4.01 zikiwa kwenye nyuzi 25. Tofauti inapaswa kuwa kama 177. Ukipata 168 hadi 179, uko salama. Ukipata 160, uko kwenye asilimia 90 na ni wakati wa kusafisha. Chini ya 150, elektrodi inaelekea kaburini, ingawa kuna zinazofufuka.

Dawa inategemea uchafu. Mafuta na utelezi: maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Ukoga mweupe wa chokaa: asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, dakika kumi hadi kumi na tano. Uchafu wa protini, kama wa maji taka: pepsini iliyoyeyushwa kwenye asidi hiyo hiyo. Baada ya lolote kati ya hayo, suuza na uiloweke kwenye potasiamu kloridi ya moli 3 kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Vaa glavu, na asidi hiyo isikutane na dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Usisugue kioo kwa kitambaa kikavu pia. Kinapata chaji na namba zitayumba kwa muda.

Probu haihifadhiwi kwenye maji yaliyokenekwa. Nalisema hili kila mara na kila mara nakuta kikombe cha maji safi mezani na probu imesimama ndani kama ua. Maji hayo hufyonza chumvi kutoka kwenye rejea, yaani ile elektrodi ya pili ambayo volti ya kioo hulinganishwa nayo, na probu ikirudi kazini huwa nzito na hupotoka. Potasiamu kloridi ya moli 3 ndiyo makazi yake.

Namba zinahama polepole, upande mmoja

Dalili hii ina wazazi wengi, na wanafanana. Njia ninayoiamini ni kuangalia kasi ya kuhama.

Ikihama ndani ya dakika chache halafu ikatulia, ni jotoridi au probu bado inazoea. Umeitoa juani ukaitia kwenye maji ya baridi. Kioo, rejea na kihisi cha joto havifiki pamoja. Subiri. Ikumbukwe kwamba bafa nazo hubadilika: ile ya 10.01 kwa nyuzi 25 huwa 10.06 kwa nyuzi 20. Ukiiandika 10.01 kwenye programu asubuhi yenye baridi, kosa limeingia kabla hujaanza kazi. Tena bafa ya 10 iliyoachwa wazi hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kushuka. Mimina kidogo, tumia, mwaga. Usirudishe kwenye chupa.

Ikihama bila kutulia, na maji yenyewe ni ya mvua au yaliyokenekwa, huenda hakuna kilichoharibika. Maji yenye ioni chache hupitisha umeme vibaya, hunyonya kaboni dioksidi, na kiungio cha rejea hakishikiki humo. Itie probu ile ile kwenye bafa: ikitulia ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, ni maji, si probu.

Ikihama kwa siku na wiki, angalia rejea na utelezi. Kiungio cha rejea ni ile sehemu ndogo ya kauri au nyuzi pembeni ya kitunguu cha kioo, ambako chumvi hupenya kidogo kidogo kuelekea kwenye maji. Kikiziba, namba huhama hata ukikoroga tu. Jaribio: pima maji yakiwa yametulia, kisha ukoroge. Tofauti kubwa huelekeza kidole kwenye kiungio. Kikiwa cheusi, mara nyingi ni sulfidi ya fedha, na maji yenye harufu ya mayai viza ndiyo mahali pake. Kuloweka kwenye potasiamu kloridi ya vuguvugu husaidia kuziba kwa kawaida. Weusi wa sulfidi huondolewa kwa thiourea kwenye asidi, na mimi kwa probu ya bei ndogo sijisumbui, nabadilisha.

Halafu kuna rejea ambayo si rejea kamili. Vihisi vingi vilivyochapwa kwenye ukanda wa plastiki au karatasi vina rangi ya fedha na kloridi ya fedha iliyo wazi, bila chumba cha chumvi. Rejea ya aina hiyo hufuata kloridi ya maji unayoyapima. Kloridi ikiongezeka mara kumi, inahama kwa karibu milivolti 59, kiasi kile kile cha pH nzima moja. Kwa hiyo ukanda uliogezwa kwenye maji ya bomba, ukipelekwa kwenye kisima chenye chumvichumvi, utatoa namba iliyopotoka kabisa huku kila kitu kikionekana kizima. Ama ugeze ukanda kwa bafa zilizotiwa kloridi inayokaribiana na ya maji yako, ama uongeze kiasi kikubwa kinachojulikana cha potasiamu kloridi kwenye kila sampuli na kwenye kila bafa ili tofauti hiyo imezwe.

Utelezi wa vijidudu, kwa upande wake, hauhitaji ujuzi: gusa. Kama kihisi kilichokaa mtoni kinateleza, kinapima pH na oksijeni ya utelezi huo. Soma namba, futa kwa brashi laini, soma tena palepale, na andika zote mbili. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia ufute kila baada ya siku ngapi.

Namba zinarukaruka

Ikiruka kwa mdundo, mara nyingi ni umeme wa gridi, hezi 50 au 60, unaoingia kupitia waya mrefu wa probu. Kusanya vipimo kwa milisekunde 100 na uchukue wastani: muda huo una mizunguko mitano kamili ya hezi 50 na sita ya hezi 60, kwa hiyo pande zote mbili zinafutana. Fupisha waya kadiri uwezavyo. Kama kuna pampu kwenye tangi, izime kwa dakika moja. Namba zikitulia, pampu inavujisha umeme majini, na hilo si tatizo la kihisi pekee; anayetia mkono humo anapaswa kujua kwanza.

Ugomvi wa probu mbili kwenye chombo kimoja unastahili aya yake. pH iko sawa ikiwa peke yake. Unaongeza kipimo cha upitishaji umeme, kile ambacho kwenye boksi kimeandikwa TDS, na ghafla pH inaruka pointi moja au zaidi. Kipimo cha TDS husukuma mkondo kwenye maji. Probu ya pH inasikiliza milivolti ndani ya maji hayo hayo, na bodi zote mbili zinatumia waya mmoja wa ardhi, hivyo mkondo unapata njia ya kupitia kwenye rejea ya pH. Thibitisha kwa kuchota maji yale yale kwenye kikombe cha pembeni na kuitia pH humo peke yake. Ikirudi sawa, umempata mwizi. Ukizima TDS kwa programu tu huenda isitoshe, maana waya wa ardhi bado umeunganishwa. Tumia kitenganishi cha umeme kati ya bodi, au relei inayokata nyaya zote mbili za probu ya TDS wakati pH inasoma.

Mezani sawa, nje makosa

Karibu kila mara ni usambazaji wa umeme. Bodi nyingi za pH hupandisha sifuri ya probu hadi volti 2.5 ili mikrokontrola isome pande zote mbili. Mezani USB inatoa volti 5.0. Nje, betri na kebo nyembamba zinatoa 4.7, lakini programu bado inaamini 5.0. Kama ile 2.5 imeshikiliwa na kidhibiti chake, sasa itasomeka kama 2.66. Ampilifaya ikiwa inakuza mara tatu, hizo volti 0.16 ni milivolti 53 kwenye probu, yaani pH 0.9 hivi iliyotoka hewani. Pima volti ya bodi kwa multimita (hapa multimita inafaa), na kwa suluhisho la kudumu tumia kigeuzi chenye rejea yake ya ndani, kama ADS1115. Kigeuzi cha biti 10 chenye hatua za karibu milivolti 4.9 kinatosha kwa pH ya kawaida iliyokuzwa. Kwa nitrati au floridi hakitoshi.

Nitrati na floridi: probu nzima, jibu kosa

Elektrodi za ioni hufanya kazi kwa logariti, na logariti haisamehe. Milivolti 1 ya kosa ni asilimia 4 ya mkusanyiko kwa ioni yenye chaji moja, na karibu asilimia 8 kwa yenye chaji mbili. Milivolti 5, ambazo kwa pH ungezipuuza, ni zaidi ya asilimia 20 ya nitrati. Kwa hiyo hapa ugezi ni wa kila siku, na miyeyusho yako ya ugezi na maji yako viwe na joto moja.

Nitrati ikisoma juu kwenye maji ya chumvi, tazama kloridi. Tuseme utando wako unaivuta kloridi mara mia pungufu kuliko nitrati. Inasikika kama kinga nzuri. Lakini kloridi ya miligramu 355 kwa lita ni milimoli 10, na moja ya mia yake ni milimoli 0.1, ambayo skrini itaiita nitrati ya miligramu 6.2 kwa lita. Maji hayana nitrati hata chembe na wewe umeandika 6.2.

Nitrati ikiwa chini ya ile ya maabara kwa takriban mara 4.4, funga sanduku la vifaa. Mmoja wenu anaandika nitrati yote, mwingine anaandika nitrojeni iliyo ndani ya nitrati. Miligramu 50 za nitrati, kikomo cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni sawa na 11.3 za nitrojeni. Nimeona kihisi kikifunguliwa mara tatu kwa kosa hili la karatasi.

Floridi ina tabia zake. Kwenye maji yenye pH ya juu, hidroksidi hujifanya floridi na namba hupanda. Kwenye asidi kali, floridi hujificha na hidrojeni na namba hushuka. Alumini na chuma huificha pia. Bafa ya kusawazisha ioni, inayoweka pH kati ya 5 na 5.5 na yenye kemikali ya kuzishika metali hizo, hutibu yote matatu kwa pamoja. Anayepima floridi bila hiyo, karibu na kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, hana anachokijua.

Kwa shaka yoyote ya aina hii, jaribio ni kuongeza kiasi kinachojulikana. Pima sampuli, ongeza nitrati inayopaswa kupandisha namba kwa 10, pima tena. Ikipanda kwa 6, kuna kitu ndani ya maji kinachokandamiza kihisi, na ugezi wako wa maji safi hauna faida hapo. Kukandamizwa huku ndiko kunakowasumbua pia wanaopima madini ya risasi kwa kanda za voltametria (kupima mkondo huku volti ikibadilishwa); humo mabaki ya mimea na viumbe yaliyoyeyuka majini hufunika elektrodi, shaba huingilia kati, na risasi iliyoshikamana na matope haionekani kabisa mpaka uitie sampuli asidi.

Klorini inasoma chini kuliko vidonge vya DPD

DPD, kemikali inayogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, huona klorini huru yote. Vihisi vingi vya utando huona zaidi asidi hipoklorasi, na sehemu yake hutegemea pH. Kwenye pH 7 ni takriban asilimia 77 ya klorini huru. Kwenye pH 8 ni kama 25. Ulifanya ugezi kwenye maji ya pH 7, kisha maji yakapanda hadi 8: kihisi kitashuka hadi theluthi ya ukweli bila klorini kupungua hata tone. Angalia pH kwanza, na kama inacheza, irekebishe kwa fomula. Pili, angalia mwendo wa maji. Kihisi hiki kinakula kile kinachokipima, kwa hiyo maji yakisimama mbele yake, kinapima njaa yake chenyewe. Mwendo uwe uleule siku zote.

Oksijeni iliyoyeyuka ikipimwa kwa elektrodi ya Clark, ile ya utando inayoitumia oksijeni inayoipima, ina njaa hiyo hiyo: koroga. Zaidi ya hapo, tafuta kiputo chini ya utando, utando uliokunjamana, na kama ni ya aina inayohitaji kupewa volti, muda wa kupasha kabla ya kusoma. Ugezi wa hewani ulingane na mwinuko: maji yaliyoshiba hewa kwa nyuzi 25 yana miligramu 8.26 kwa lita usawa wa bahari, lakini kwenye mita 1,500 ni karibu 6.9. Aliyeacha programu kwenye usawa wa bahari ataona mto mzima ukiwa na oksijeni kuliko uwezo wake.

Upitishaji umeme hausumbui sana. Viputo, mafuta ya vidole, na fidia ya joto ya karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi. Vitatu hivyo vinamaliza malalamiko mengi. Hakiki kwa potasiamu kloridi ya moli 0.01, inayosoma mikrosimensi 1,413 kwa sentimita kwa nyuzi 25.

Kabla ya kutupa

Probu ya pH ambayo baada ya kusafishwa na kulala kwenye potasiamu kloridi bado iko chini ya asilimia 85 ya mteremko, au sifuri yake imehama zaidi ya milivolti 30 na inaendelea kuhama, imemaliza kazi. Ila usiitupe siku hiyo. Chomeka mpya kwenye bodi ile ile, kwa kebo ile ile, kwenye bafa zile zile zilizomiminwa upya, na uandike milivolti za zote mbili kando kwa kando. Ikiwa mpya nayo inasoma kama mzee, irudishe kwenye boksi lake na uende ukafungue kiunganishi.